Tela Katika Mchanga wa Sikonge: Uzito Usiosukuma

Kukwama kwa lori lenye tela katika mchanga laini huelezwa mara nyingi kwa lugha ya nguvu, kwamba injini ilishindwa, au dereva hakukanyaga mafuta ya kutosha, au barabara ilikuwa mbaya kupita kiasi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa injini ya lori la kisasa inaweza kuzungusha magurudumu yake katika mchanga wowote, na mara nyingi ndiyo inayoyazungusha mpaka yakajifukia. Swali linalopaswa kuulizwa ni la mgawanyo wa uzito: kati ya tani zote zinazokandamiza ardhi, ni ngapi zimekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, na ni ngapi zimekaa juu ya magurudumu yanayoburutwa tu? Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, ni mahali panapofaa kulichunguza swali hilo, kwa sababu udongo wake, mazao yake na majira yake ya mwaka hukutanisha mzigo mkubwa na mchanga mkavu kwa wakati mmoja.

Udongo unaokwamisha

Sikonge iko kusini mwa mji wa Tabora, katika uwanda wa juu wa Unyamwezi, ambao kwa sehemu kubwa umelala juu ya matale, yaani mwamba mgumu wa chembe kubwa ulioganda kutokana na ujiuji wa moto wa ndani ya ardhi. Mwamba huo ulipomeng'enyeka kwa muda mrefu mno, sehemu ya madini yake iligeuka kuwa udongo wa mfinyanzi na kuchukuliwa na maji hadi mabondeni, ilhali chembe ngumu za kwatsi, ambazo hazimeng'enyeki kwa urahisi, zilibaki miinukoni zikiwa mchanga. Ndiyo maana msafiri anayekatiza misitu ya miombo ya wilaya hiyo hupanda na kushuka katika mpangilio unaojirudia, mgongoni mchanga, ubavuni udongo mwembamba mgumu, na bondeni udongo mweusi wa mbuga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani huko Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena mwaka 1935, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, ingawa wakulima wa nyanda hizo walikuwa wakiutambua tangu zamani kwa majina yao, na Wasukuma huuita udongo wa mchanga luseni na ule mweusi wa bondeni mbuga.

Kwa dereva, mnyororo huo una maana kwamba matatizo yake hubadilishana zamu. Mvua zinazoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuisha Aprili huigeuza mbuga kuwa tope linalonata na kuteleza, lakini mvua hizohizo huuimarisha mchanga, kwa kuwa maji machache yaliyo kati ya chembe na chembe huzivuta zishikamane, kama anavyojua kila mtoto aliyewahi kufinyanga mchanga mbichi na kuona ulivyovunjika ulipokauka. Kiangazi kikifika mambo hugeuka, mbuga inakakamaa na kupasuka nyufa, na mchanga unapoteza unyevu wake na kulegea. Chembe kavu hazina kinachozishikamanisha isipokuwa uzito wake wenyewe na msuguano, yaani ukinzani unaotokea vitu viwili vinapogusana na kutaka kupishana, na gurudumu zito linapozikalia hukimbilia pembeni na mbele.

Kiangazi hicho ndicho msimu wa kusafirisha tumbaku. Zao hilo hustawi katika udongo mwepesi wa kichanga, na baada ya kuvunwa, kukaushwa na kufungwa marobota, huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kwa kifupi kama AMCOS, ambavyo maghala yake yako vijijini, mbali na lami. Barabara kuu inayotoka Tabora hupita Sikonge hadi Ipole, mahali inapogawanyika, tawi moja likielekea Koga na Mpanda na jingine likielekea Rungwa na hatimaye Mbeya, lakini mzigo wenyewe huanzia kwenye njia za udongo zinazoingia porini. Hivyo mchanga uleule unaoipa Sikonge tumbaku yake ndio unaoyanasa malori yanayokuja kuichukua, tena katika miezi ambayo umelegea kuliko miezi mingine yote.

Malori yenyewe huongeza ubaya huo. Magurudumu yanapovunja ganda jembamba la juu la barabara ya udongo, chembe ndogo za mfinyanzi zilizokuwa zikiufunga mchanga hupeperuka zikiwa vumbi, na chembe nzito hubaki. Kila wingu jekundu linaloonekana nyuma ya gari ni gundi ya barabara inayoondoka, na ndiyo sababu njia iliyopitika vizuri mwezi Mei huweza kuwa na mchanga unaofika kwenye vifundo vya miguu ifikapo Septemba.

Miguu ya wapagazi na magurudumu ya kwanza

Kabla ya gari, nchi hii ilivuka mchanga wake kwa miguu. Tabora, iliyojulikana kwa wageni wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwingineko, na mvumbuzi Richard Burton aliwasili hapo Novemba 1857 baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Mvumbuzi mwingine, Henry Morton Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo mwaka 1871, aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, na kuzungukia kusini kupitia nchi ya Ugunda kabla ya kugeukia Ziwa Tanganyika. Misafara hiyo ilitegemea wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida frasila mbili, yaani takriban kilo 32.

Majaribio ya kuleta magurudumu yalifanyika mapema na yakawa magumu. Mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa kwa maksai mwaka 1876 na kurudi na matumaini, lakini msafara mkubwa wa mwaka uliofuata ulipoteza maksai wake na kulazimika kuyaacha magari ya kukokotwa na kuwarudia wapagazi. Adui mkubwa alikuwa mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe, lakini hata pale magurudumu yalipovutwa na watu, kazi ilibaki nzito, kama ilivyoshuhudiwa katika miaka ya 1882 na 1883 wakati vipande vya mashua iliyoitwa Morning Star vilipokokotwa kwa mikokoteni kutoka pwani hadi Ujiji. Tatizo la uchukuzi wa mzigo mzito kwenye njia kuu lilipata ufumbuzi pale reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini reli haikuingia kila kijiji.

Historia hiyo ina somo la kihandisi. Mpagazi mwenye uzito wa kilo 65 na mzigo wa kilo 32 alisimama kwa mguu mmoja wenye unyayo wa takriban sentimita za mraba 200, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mchanga ilibeba karibu nusu kilo. Kipimo hicho, yaani kani inayogawanywa kwa eneo inalolikandamiza, huitwa kanieneo. Tairi la lori lililojazwa upepo wa pauni 110 kwa inchi ya mraba huikandamiza ardhi kwa takriban kilo 7.7 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya mara kumi na tano ya unyayo wa mpagazi. Tofauti ya pili ina uzito zaidi: katika msafara wa miguu, kila mguu uliobeba mzigo ulikuwa pia mguu uliousukuma mzigo huo mbele, lakini katika lori lenye tela sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na magurudumu ambayo hayana nguvu yoyote kutoka kwenye injini.

Hesabu ya ukinzani na mshiko

Lori likiwa katika mchanga hutawaliwa na kani mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ukinzani wa kuviringika, yaani kani inayozuia gurudumu lisisonge kwa sababu ardhi inabonyea mbele yake na kulilazimisha kupanda kilima kidogo kisichokwisha. Juu ya lami ngumu ukinzani huo ni takriban 1% ya uzito wa gari, lakini katika mchanga uliolegea hufika kati ya 10% na 30%, kutegemea kina, ukavu na aina ya tairi. Ya pili ni mshiko, yaani kani kubwa kuliko zote ambayo magurudumu yanayosukuma yanaweza kuikabidhi ardhi kabla hayajaanza kuzunguka bure, na katika mchanga mkavu mshiko huo unaweza kukadiriwa kuwa theluthi moja, au zaidi kidogo, ya uzito uliokaa juu ya magurudumu hayo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukinzani hutozwa kwa uzito wote, ilhali mshiko hutolewa na uzito wa magurudumu yanayosukuma peke yake.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizokaribiana zenye tairi pacha, tani 24 kwenye ekseli tatu za namna hiyo, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari na tela lake. Lichukuliwe basi lori la ekseli tatu lenye tani 26, ambapo ekseli mbili za nyuma zenye tani 18 ndizo zinazosukuma, nalo linavuta tela la tani 30. Uchukuliwe pia mchanga wenye ukinzani wa 15% na mshiko wa 35%. Lori peke yake, likiwa na mzigo wake wote, hudai kani ya tani 3.9 ili lisonge na lina uwezo wa kutoa tani 6.3, kwa hiyo hupita na kubakiwa na akiba ya tani 2.4. Tela likifungwa nyuma yake hudai tani 4.5 zaidi, jumla ikawa 8.4, ilhali uwezo unabaki palepale kwenye 6.3. Lori hilo litakwama hata likipewa injini yenye nguvu maradufu, kwa kuwa kinachokosekana kiko kwenye mchanga wala hakiko chini ya boneti.

Hesabu hiyo hubadilika kidogo kwa semi-trela, yaani tela lisilo na magurudumu ya mbele ambalo sehemu ya uzito wake hulalia mgongoni mwa kichwa kinacholivuta. Hapa sehemu ya mzigo wa tela husaidia kukandamiza magurudumu yanayosukuma, lakini gari lenye tani 50, yaani 8 mbele, 18 katikati na 24 nyuma, bado hudai tani 7.5 na kutoa 6.3. Mzigo ukipunguzwa upande wa nyuma ili ekseli za tela zibaki na tani 10, za katikati 16 na ya usukani 7, jumla huwa tani 33, madai hushuka hadi takriban tani 5, na uwezo ni 5.6, kwa hiyo gari hupita. Mzigo uleule ungepunguzwa upande wa mbele, magurudumu yanayosukuma yangepoteza uzito yanaouhitaji na faida ingepotea, na kwa sababu hiyo mahali mzigo unapopangwa kuna maana kubwa kama wingi wake.

Takwimu hizi ni za makadirio, na mchanga halisi hubadilika ndani ya hatua chache, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Hata mteremko ni sehemu ya hesabu, kwa kuwa kupanda mwinuko wa 3% huongeza madai kwa 3% ya uzito wote, yaani karibu tani 1.7 kwa gari la tani 56, na mwinuko kama huo hauonekani kwa jicho la mtu aliyechoka.

Upepo wa tairi

Njia ya haraka zaidi ya kupunguza ukinzani ni kutoa upepo. Mhandisi na mwanajeshi wa Uingereza Ralph Bagnold, aliyesafiri kwa magari katika jangwa la Libya kuanzia miaka ya 1920 na kuchapisha mwaka 1941 kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, alikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwa vitendo kwamba magari ya kawaida huvuka mchanga yakipunguzwa upepo na kuwekewa vipande vya bati gumu chini ya magurudumu. Mchanga wa Sikonge hautokani na upepo kama ule wa jangwani, lakini kanuni ya tairi ni ileile.

Tairi linalobeba tani 3 kwa upepo wa pauni 110 hugusa ardhi kwa eneo la takriban sentimita za mraba 390, kubwa kidogo kuliko karatasi moja ya daftari dogo la shule. Upepo ukishushwa hadi pauni 55, eneo hilo hukaribia kuwa maradufu, na ongezeko hilo hutokea zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, hivyo tairi hugeuka kuwa kama unyayo mrefu unaolala juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ikiwa hatua hiyo itashusha ukinzani wa gari la mfano kutoka 15% hadi 10%, madai yake ya tani 8.4 yatashuka hadi 5.6, chini ya uwezo wake wa 6.3, na gari litapita pamoja na tela lake. Sharti la matokeo hayo ni kwamba upepo utolewe katika tairi zote, za tela zikiwemo. Kutoa upepo kwenye tairi zinazosukuma peke yake huongeza mshiko kidogo, lakini huziacha tairi za tela zikichimba mifereji nyuma, na mifereji hiyo ndiyo inayolishikilia gari.

Tairi lenye upepo mdogo lina masharti yake. Mashavu yake hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto linaloweza kulipasua, kwa hiyo mwendo usizidi takriban kilomita 20 kwa saa, na usukani usikatwe kwa ghafla, kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi au kuzunguka juu yake na kukata shina la valvu. Kiwango salama hutegemea mzigo na aina ya tairi, na jedwali la mtengenezaji ndilo mwongozo wa kwanza. Mara gari linapofika ardhi ngumu, upepo hurudishwa kwa kutumia kompresa ya lori lenyewe, ileile inayojaza mitungi ya breki, kupitia mpira mrefu wa kutosha kufika tairi la mwisho la tela. Lori lisilo na mpira huo na kipimo cha upepo halijajiandaa kwa mchanga.

Mwendo ndani ya mchanga

Gurudumu la kwanza kupita mahali ndilo linalofanya kazi kubwa ya kuushindilia mchanga, na yanayofuata katika alama hiyohiyo hupata ardhi iliyokwisha kubanwa. Kwa sababu hiyo lori na tela husafiri kwa urahisi zaidi yanapokwenda moja kwa moja, magurudumu yote yakifuata mstari mmoja. Kila kona hulifanya tela likate ndani ya alama za lori na kufungua mchanga mpya, na ukinzani huongezeka wakati uleule ambapo magurudumu ya mbele, yakiwa yamegeuzwa upande, yanasukuma mchanga kama jembe. Dereva mwenye ujuzi huteremka, hutembea njia nzima kwa miguu, hupima kina kwa kijiti, na huchagua mstari ulionyooka hata kama ni mrefu zaidi.

Difu ni mfumo wa gia katikati ya ekseli unaoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Wema huo huwa udhaifu mchangani, kwa kuwa gurudumu moja likipoteza mshiko huzunguka bure na kulinyima lenzake kani ya kusukuma. Malori mengi ya kazi yana kifaa cha kuifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, nacho kinapaswa kufungwa kabla ya kuingia mchangani, gari likiwa limesimama au linakwenda taratibu, na kufunguliwa mara lifikapo ardhi ngumu, kwani kukata kona na difu iliyofungwa kwenye ardhi ngumu huweza kuvunja shafti.

Gia huchaguliwa kabla ya kuingia, ya chini lakini isiwe ya chini kabisa, ili gari lipite bila kubadilisha gia njiani, kwa kuwa kila klachi inapokanyagwa gari hupoteza mwendo ambao mchanga haurudishi. Mafuta hukanyagwa kwa utulivu. Breki hazitumiki isipokuwa kwa hatari, maana gurudumu lililozuiwa hujirundikia tuta la mchanga mbele yake, na inapobidi kusimama gari huachwa lipunguze mwendo lenyewe, ikiwezekana mahali penye mteremko wa kuondokea. Ishara iliyo muhimu kuliko zote ni gurudumu kuzunguka bila gari kusogea. Likizunguka mara moja tu, mguu uondolewe kwenye mafuta hapohapo, kwa sababu kila mzunguko wa ziada hulishusha gari, mpaka ekseli na tumbo la gari vilale juu ya mchanga na magurudumu yabaki yakining'inia shimoni.

Kulitenga tela

Hesabu iliyotangulia inaonyesha njia ambayo haigharimu chochote isipokuwa muda. Kwa kuwa lori lenye mzigo linaweza kupita peke yake pale linaposhindwa likiwa na tela, tela huachwa kwenye ardhi ngumu kabla ya mchanga, likiwekewa vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu, na lori huvuka kwanza. Likishafika ng'ambo, penye ardhi iliyoshikana, hufungiwa waya wa chuma au mnyororo mrefu unaorudi hadi kwenye mtaimbo wa tela, yaani chuma chake cha kulivutia, na hapo hesabu hugeuka kabisa. Lori lililosimama kwenye udongo mgumu wenye mshiko wa 60% linaweza kutoa karibu tani 10.8 kwa ekseli zake za tani 18, na tela la tani 30 katika mchanga wa 15% hudai tani 4.5 tu. Magurudumu ya tela hayajapata uwezo wa kusukuma, ila magurudumu yanayosukuma yamehamishiwa mahali panapostahili nguvu zao.

Kazi hiyo ina hatari zinazopaswa kujulikana na kila utingo. Tela linapotenganishwa mipira ya upepo, breki zake hujifunga, na ni lazima zifunguliwe kwa utaratibu wake kabla ya kuvutwa. Likishafunguliwa halina breki kabisa, kwa hiyo halivutwi kwenye mteremko unaoelekea kwa lori. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuua, na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe, asiwepo anayeuruka wala anayesimama usawa wake. Mtaimbo wa tela la magurudumu ya mbele hugeuka wenyewe magurudumu yanapopanda jiwe au kisiki, na anayejaribu kuunyoosha kwa mikono anahatarisha mbavu zake.

Pale gari lilipokwisha kukwama, kazi ya kwanza ni kuzima tamaa ya kujaribu mara moja zaidi. Mchanga huondolewa kwa sepetu mbele ya magurudumu yote, ya tela yakiwemo, hadi ipatikane njia yenye mwinuko mdogo, na tumbo la gari huachiwa nafasi. Upepo hushushwa, mbao au mabati magumu huwekwa mbele ya magurudumu yanayosukuma, na mara nyingi gari hutoka kwa urahisi zaidi likirudi nyuma katika alama zake, ambazo zimekwisha kushindiliwa. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari wakati injini inanguruma au kabla ya magurudumu kuwekewa vigingi. Matawi ya miti hutumika pale ambapo hakuna mbao, lakini msitu wa miombo ndio malisho ya nyuki wanaoipa Sikonge asali yake, na lori linalobeba mbao zake mbili kutoka nyumbani halina sababu ya kukata mti kila linapokwama.

Barabara na wajibu

Ujuzi wa dereva una mpaka, na zaidi ya mpaka huo ni kazi ya barabara. Mchanga hukosa kitu kimoja tu ili uwe barabara nzuri, nacho ni kifungashio, yaani chembe ndogo zinazojaza nafasi kati ya chembe kubwa na kuzishikamanisha. Moramu, changarawe nyekundu yenye mfinyanzi kiasi, ikitandazwa, ikinyweshwa maji na kushindiliwa, hutoa kifungashio hicho. Pale ambapo moramu iko mbali, udongo wa vichuguu vilivyokufa, ambao mchwa waliupandisha kutoka chini ukiwa na mfinyanzi mwingi, hufaa kwa kuziba vipande vifupi vya mchanga, hasa kazi hiyo ikifanyika mwishoni mwa mvua wakati unyevu bado upo ardhini. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, lakini kipande cha mita hamsini kati ya ghala na barabara kinaweza kutengenezwa na chama cha msingi chenyewe kwa koleo, toroli na siku mbili za kazi, kabla ya msimu wa masoko kuanza.

Wito unaotokana na maelezo haya unawahusu watu watatu. Mwenye lori ampe dereva wake kipimo cha upepo, mpira wa kujazia, waya mrefu, sepetu na mbao, kwa kuwa vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko klachi moja iliyoungua. Chama cha msingi kikubali lori lipakie mzigo pungufu kwenye tela, au tela lisubiri kwenye ardhi ngumu na kupelekewa marobota kwa awamu, badala ya kulazimisha mzigo wote utoke ghalani siku moja. Dereva naye, afikapo ukingoni mwa mchanga, asimame, ashuke, na ahesabu tani zinazosukuma na tani zinazoburutwa, kwa sababu uamuzi wa kutenga tela hufanyika kwa dakika chache gari likiwa kwenye ardhi ngumu, na huchukua siku nzima ya kuchimba gari likishazama.